Chungu cha Mwali

Posho ya baba ililipwa Jumamosi mchana, na jua likizama ilikuwa imekwisha. Nikiwaambia hivyo watoto wa siku hizi wanacheka, wanadhani baba alikuwa mlevi. Baba hakuonja pombe maisha yake yote. Alikuwa kibarua wa stesheni hapa Morogoro, anabeba vyuma na kuni za gari la moshi, na posho ile Wadachi, yaani Wajerumani, waliipima kwa tumbo moja tu, la huyo anayebeba. Kwamba ana mke na mabinti wawili nyumbani, hilo halikuwa shauri la stesheni. Mshahara wenyewe ulikuja pale kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilipojaa, na ukija ulikwenda moja kwa moja kuilipa serikali kodi ya nyumba. Kwa hiyo chakula cha jioni cha watu wanne kilitoka katika posho ya mtu mmoja.

Mama alimngoja baba njiani, kikapu mkononi. Baba akifika alimkabidhi zile hela za shaba bila maneno, naye akazifunga kwenye pindo la kaniki na kushika njia ya gulioni, mimi nyuma yake. Alianza na chumvi, kwa sababu chumvi hailimwi wala haichumwi. Kisha unga wa mtama, kibaba kwa kibaba, akiangalia kwa makini mkono wa muuzaji usije ukasawazisha mapema. Kisha maharage, kwa wanawake wa mlimani walioteremka na vikapu vyao alfajiri. Wale walikuwa ndugu zake, wengine wa ukoo mmoja kabisa, na hawakumwongezea hata punje. Mboga hakununua. Mlenda na mchicha tulichuma wenyewe kando ya mto. Kama kimebaki kitu, alinunua mafuta ya ufuta katika kichupa kidogo. Nimepika miaka mingi tangu siku hizo, na mpaka leo nikienda sokoni nanunua chumvi kwanza, hata kama nyumbani imejaa.

Sikujua kwamba tulikuwa maskini. Ugali na mlenda, ugali na maharage, siku moja moja samaki mkavu wa pwani aliyegawanywa mpaka mtu hajui amekula samaki au mchuzi. Baba alipenda utani wa mezani, ingawa meza hatukuwa nayo. Alikuwa akiokota mwiba wa samaki, anaugeuza geuza na kuuliza kama na sisi tunamwona huyu samaki au ni macho yake tu. Mama alijitia kukasirika.

Halafu dada yangu akavunja ungo, akawekwa ndani.

Siku hizi mwali hukaa ndani siku chache, watu wanapiga ngoma, mambo yamekwisha. Zamani zetu haikuwa hivyo. Mwali aliingia chumba cha nyuma kisicho na dirisha, pakatundikwa mkeka mlangoni, na humo alikaa miezi, pengine zaidi, hafanyi kazi yoyote. Alipakwa mafuta ya mbarika, alifundwa, na zaidi ya yote alilishwa. Alilishwa anenepe, ngozi ing'ae, shingo ifanye mikunjo, ili siku ya kutoka abebwe mabegani watu wote waone kwamba huyu katoka katika nyumba yenye chakula. Akitoka amenona, ukoo mzima unatembea kifua mbele. Akitoka amekonda, afadhali asitoke.

Aliyemshika mkono ni kungwi, bibi mmoja wa upande wa mama, mwanamke mkavu ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini bila kulalamikia kiti. Kungwi huyu alikuwa na sheria zake na aliziweka mlangoni kabla ya kutundika mkeka. Mama mzazi hamwoni mwali wala hasemi naye mpaka siku ya kutoka, na baba vivyo hivyo. Chakula kitaingizwa na mtoto wa kike ambaye hajapevuka, yaani mimi. Na mwali haambiwi habari mbaya ya aina yoyote, kwa sababu habari mbaya inakula nyama ya mwili. Akamfunga dada uzi wa shanga nyekundu juu kidogo ya kiwiko. Uzi ulining'inia.

"Siku uzi huu utakapombana, tutamtoa," alisema. "Kabla ya hapo msiniulize."

Kulikuwa na watu wa Bigwa waliokwisha kuleta posa. Walisema watangoja. Kila mtu alijua maana ya kungoja: wanangoja waone tunatoa kitu gani nyumbani mwetu.

Lazima niseme juu ya mama, la sivyo mtamwona mjinga, na mama hakuwa mjinga. Yeye mwenyewe alitolewa mwaka wa nzige. Alilishwa mizizi na maganda, akatoka mifupa mitupu, na wanawake wakamtungia wimbo siku hiyo hiyo ya kutoka kwake, wakauimba mbele yake akiwa mabegani pa watu. Wimbo ule ulisema juu ya miguu yake. Sitaurudia hapa. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto, na bado akiwa anateka maji mtoni palikuwa na mwanamke mmoja aliyeweza kuunong'ona na kumtoa machozi. Baada ya kutoka vile hakuposwa na yeyote wa maana, akaolewa na baba, mtu wa kuja, asiye na ndugu wala shamba mlimani. Walipendana, nina hakika. Lakini mama alikula kiapo kwamba binti yake hataimbiwa.

Akaweka mafiga ya pili. Yale ya zamani yalibaki na chungu chetu, na pembeni yake, karibu na ukuta wa chumba cha mwali, akapanga mawe mengine matatu akaweka chungu kipya. Kila Jumamosi sasa tulipofika gulioni hesabu ilianzia kwa mwali. Mchele, kwanza kabla hata ya chumvi. Karanga za uji wake wa asubuhi. Ndizi. Na kibaba kimoja cha mchele zaidi, ambacho hakikuguswa na mtu. Hicho alikimimina katika debe lililokaa darini juu ya moshi, mchele wa ngoma, wa kulisha watu siku ya kutoka. Kilichosalia ndicho chetu sisi. Jioni baba alikaa kwenye mkeka uani, ugali wa mtama mbele yake na kijiko cha maji ya chumvi, na upepo ukitoka upande wa mafiga ya pili anavuta pumzi na kusema leo amekula harufu ya wali na ameshiba vizuri. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito. Dada alisikia kila neno.

Mimi ndiye niliyebeba bakuli. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mbarika, na macho yangu yalichukua muda kumwona. Tulikuwa hatuzungumzi ila kwa kunong'ona. Jioni moja ya mwanzo mwanzo aliniuliza baba amekula nini. Nikamwambia ugali na chumvi. Akalitazama bakuli lake. Kisha akachora mstari katikati ya wali kwa kidole, toka ukingo huu hadi ule, akala upande mmoja mpaka kwenye mstari, akaacha.

"Sema nimeshiba," aliniambia. "Huu apewe baba. Na ukimwambia mama kwamba nimemwachia, baba hataula."

Nikasema ameshiba. Mama hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Aliumimina ule wali juu ya ugali wa baba, na baba akacheka kwa sauti, "Leo mwali kanikumbuka." Ilikuwa utani tu. Hakujua kwamba ni kweli tupu. Nyuma ya ukuta dada alisikia, na tangu jioni hiyo hakuna siku aliyokula kupita mstari.

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Mama hakuona binti mwenye huruma. Aliona bakuli lililorudi. Akajishika kiuno akaniuliza dada yako amesema nini, wali umeungua, una mawe? Nikasema ameshiba. Akasema hapana, mwali hashibi nusu bakuli, wali huu haumpendezi, hauna nazi. Jumamosi iliyofuata tukapita kwenye maharage bila kusimama, tukaenda kununua nazi zilizokuja kwa gari la moshi toka pwani. Wali wa nazi ulinukia mpaka kwa majirani. Dada akachora mstari. Ukarudi nusu.

Mama akasema labda ni samli. Tukaacha mafuta yetu, akanunua samli. Ikarudi nusu. Akanunua kuku kwa yule mwenye mabanda karibu na soko, baba akaambiwa wiki hii unga ni wa siku tano, siku mbili atajua mwenyewe. Baba akasema stesheni kuna maji matamu sana. Kuku naye akarudi nusu, kifua kimeachwa kizima kwa sababu dada alijua baba anapenda kifua. Kila chakula kilichorudi kilimthibitishia mama kwamba hajafikia kile anachokitaka mwali, kwamba kipo kitoweo fulani ambacho akikipata mtoto atakula. Na kila alichonunua kilitoka kwetu sisi watatu, na zaidi kwa baba, ndipo dada akazidi kumwachia baba.

Siku moja sikuvumilia. Mama alikuwa anapepeta mchele, nikamwambia, "Mama, dada ana njaa."

Hakuinua hata macho. "Mwenye njaa harudishi chakula," alisema.

Ningemwambia juu ya mstari, baba asingeula tena, na dada alikuwa amenikataza.

Kungwi alikuja kila wiki. Aliingia, alikaa kidogo, akatoka akikung'uta mikono. Mama alisimama uani akimngoja kama mshitakiwa, hathubutu kuuliza. Kungwi akasema, "Bado." Wiki nyingine, "Bado. Chakula chenu hakimwingii." Niliuona ule uzi mwenyewe. Mwanzoni ulining'inia, baadaye uliteremka mpaka kwenye kiwiko, na dada aliupandisha akikaribia kufika kungwi.

Mngesema kwa nini wasimtoe tu vile alivyo. Nami niliwaza hivyo. Lakini kungwi asiporidhika hakuna ngoma, na bila ngoma mwali si mtoto tena wala si mwanamke, na nani amuoe mtu aliye katikati? Mama aliniambia jambo hilo mara nyingi akikoroga chungu, ingawa nadhani alikuwa hasemi na mimi. Hatoki mpaka anenepe. Na kunenepa hanenepi. Miezi ikapita tunamlisha namna hiyo.

Halafu vita vya Wazungu vikaanza huko mipakani, na ingawa hatukusikia bunduki, gulio lilisikia kabla yetu. Nazi zilitoweka. Mafuta ya taa yalitoweka. Chumvi tulinunua ya kujaza kiganja. Wanawake wa mlimani wakaanza kushuka na vikapu nusu, kwa sababu mahindi yao yalikuwa yameandikwa na askari kuwa chakula cha jeshi. Baadaye stesheni ikaanza kulipa posho kwa noti za karatasi. Nakumbuka mama akimpa noti mwanamke mmoja muuza maharage, naye akaishika kwa ncha za vidole na kuirudisha, akasema huko kwake mvua inanyesha kila siku na nyumba inavuja. Tukarudi na karatasi zetu. Jioni hiyo tulikula mlenda mtupu, na mwali akapata mchele wa mwisho uliokuwa chini. Mama hakugusa debe la darini. Nilimwomba. Akaniuliza nataka dada yangu atolewe kwa kulisha watu majani?

Watu wa Bigwa walituma mtu kuuliza. Kungwi akawaambia bado kidogo. Walituma tena. Mara ya tatu hawakutuma, tukasikia ngoma inalia upande wao, wamechukua binti mwingine. Mama aliipokea habari ile vizuri kuliko nilivyotazamia. Akasema watakuja wengine, mtu mzuri hakosi mtu, akaniagiza nisimwambie dada. Habari mbaya inakula nyama.

Na nilikatazwa vile vile kumwambia lile lililofuata.

Ilikuwa Jumamosi. Tulisimama njiani na kikapu chetu kama kawaida. Vibarua wa stesheni hawakutokea. Tulingoja mpaka vivuli vikawa virefu, ndipo akaja mtu mmoja anayechechemea, ambaye askari hawakumtaka kwa sababu ya mguu wake, akamwambia mama kwamba askari wameizunguka stesheni wakati watu wamepanga mstari kungoja posho, wamewafunga kamba wawili wawili na kuwatoa kwa njia ya nyuma. Wapagazi. Wanakwenda kubeba mizigo ya vita. Hakuna aliyepewa posho. Mama akamuuliza kama baba alikuwa amekula asubuhi, swali la ajabu, na yule mtu akasema hajui. Tukarudi na kikapu kitupu. Alikipachika ukutani, akakaa chini, akalia mara moja tu, akiwa ameuma pindo la kaniki ili sauti isipite ukutani.

Kesho yake alinifundisha cha kusema. Baba amepewa kazi ya usiku. Anarudi dada amelala, anaondoka kabla hajaamka. Dada aliniuliza, nami nikasema hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Basi mwekee chini ya kawa," alisema. "Akirudi ale."

Akachora mstari wake.

Tangu hapo mama alikuwa anakata kuni huko juu ya Bigwa na kuziuza mjini, anabeba maji ya watu, anafua. Kwa kuni tulipata unga kidogo, na unga huo uligawanywa katika mafiga mawili kama zamani. Kilichoingia kwa dada hakikuwa wali tena, kilikuwa uji mzito, siku moja moja viazi. Akala nusu, akanipa nusu ya baba. Nikaitoa. Mama akalitazama bakuli. Nyuma ya mkeka alikuwa mtoto wake anayekonda kwa ajili ya mtu ambaye pengine amekwisha kufa porini, na mama alichoona ni kwamba hata viazi havimpendezi. Nusu ile niliila mimi. Wanaotaka nijute watangoja sana, nilikuwa na njaa na chakula kilikuwa pale.

Kungwi aliacha kuja. Alihamia mlimani kwa ndugu zake bila kutuaga.

Mizinga tuliisikia kwa siku kadhaa kutoka upande wa kaskazini, kisha karibu, kisha mlipuko mkubwa stesheni, Wadachi wenyewe wanavunja mali yao wasiwaachie Waingereza. Mji wote ukaanza kumiminika kupanda mlimani na magodoro na kuku na watoto. Mama alishusha debe la mchele toka darini. Akasimama mbele ya mkeka. Nilimwona akiinua mkono mara mbili na kuushusha. Kisha akausukuma mkeka pembeni, akamwita dada kwa jina lake, jina ambalo halikutamkwa nyumbani tangu awekwe ndani.

"Toka," alisema.

Dada alitoka mchana kweupe, mkono machoni kwa sababu ya jua. Hakuna aliyempigia kigelegele. Hakuna aliyembeba. Nilizoea kumwona gizani, nami nilishtuka. Ngozi ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyetoka kuugua homa ndefu, na magoti yake yalikuwa mapana kuliko mapaja. Mama alimtazama toka utosini mpaka kwenye miguu. Ile miguu. Sijui ni wimbo gani aliousikia kichwani mwake. Akamtwisha debe la mchele wa ngoma yake, tukaondoka.

Njia ilijaa watu. Kila mmoja alitazama mzigo wake na mtoto wake. Dada alitembea mbele, mkono mmoja juu ameshika debe, na ule uzi wa shanga ukateremka toka kwenye mkono uliosimama mpaka begani, ukakaa huko. Mama alikuwa nyuma yake mwendo wote. Nadhani hakutazama kitu kingine.

Jioni ilitukuta katika kibanda cha shamba cha watu wa ukoo wetu, juu sana, ambako mji unaonekana chini kama majivu yaliyomwagwa. Hatukuwa na chumvi. Mama alipanga mawe matatu, safari hii matatu tu, akapima mchele wa ngoma akaupika wote aliopima, bila kitu. Tukakaa kuzunguka chungu kimoja, jambo ambalo hatukulifanya tangu zamani. Nilikuwa nimesahau jinsi magoti ya watu yanavyogongana kando ya chungu.

Mama alimpakulia dada peke yake, akamjazia. Akaketi kumtazama. Alikuwa hajawahi kumwona akila tangu alipowekwa ndani.

Na dada alikula. Alikula kama mtu anayekimbizwa, tonge juu ya tonge, punje zinamdondoka kifuani anaziokota. Kisha nikaona kidole kinakwenda ukingoni mwa bakuli. Dada akachora mstari katikati, akala mpaka hapo, akaacha. Akalisukuma bakuli.

"Wali mtupu haukupendezi," mama alisema polepole. Ni maneno ya kwanza aliyomwambia baada ya kumwita atoke.

"Unanipendeza, mama."

"Basi kula. Mbona unaacha?"

"Huu wa baba," dada alisema. "Kama siku zote. Atatukuta huku, au tumpelekee stesheni?"

Moto ulikuwa unafuka. Mama alinitazama mimi, si dada, na nilijua kwamba anayapitia yote moja moja, nazi, samli, kifua cha kuku, viazi, uji. Nilitamani aniulize lolote. Alimgeukia dada.

"Ulikuwa na njaa?"

"Kila siku, mama."

Basi mama akamwambia. Alimwambia kila kitu kwa sauti ya chini, juu ya ile Jumamosi, kamba, wawili wawili, na kwamba ilikuwa kabla ya masika, na masika yalikuwa yamepita. Dada alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alifikiri kidogo, nadhani alikuwa anazihesabu zile nusu, akauliza zilikwenda wapi. Nikasema nilizila mimi. Dada akasema vizuri.

Hakuna aliyeigusa nusu ile. Mama aliifunika kwa jani la mgomba, akaiweka juu kwenye fito za kibanda, mahali panapowekwa chakula cha mtu aliyechelewa. Baba hakurudi, wala siku ile wala baadaye, na hatukupata mtu aliyemwona. Dada hakuchezewa ngoma. Hakuna aliyekuja kumposa. Alikaa na mama mpaka mama alipofariki, na mpaka leo sijui kama walilizungumza tena jambo hilo.

Asubuhi tuliamka na baridi ya mlimani, na njaa. Mama akaushusha ule wali. Ulikuwa umekauka juu na kulala. Akaugawa mafungu matatu, tukaula.